Ugonjwa Usio na Dalili: Biopython Ilivyohama Kutoka Python 2 Hadi Python 3

Mama mjamzito amefika kliniki, lakini kipimo chake cha himoglobini hakikuandikwa. Pengine vitendanishi vilikuwa vimekwisha siku hiyo. Jioni kompyuta inapewa kazi ya kuhesabu wajawazito wote wenye himoglobini iliyo chini ya gramu 7 kwa desilita, yaani wenye upungufu mkali wa damu. Iwapo programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya Python 2 bila uangalifu, mama huyo atahesabiwa miongoni mwao. Katika Python 2 thamani tupu, iitwayo None, ni ndogo kuliko namba yoyote ile. Kompyuta ikiulizwa kama utupu ni mdogo kuliko 7, hujibu ndiyo. Haitoi onyo wala haikwami, na ripoti hutoka ikiwa safi. Python 3 ikiulizwa swali hilohilo husimama papo hapo na kukataa kulinganisha visivyolingana.

Kukataa huko kuliwakera waandishi wengi wa programu kwa miaka kumi na zaidi. Python, lugha iliyobuniwa na Guido van Rossum nchini Uholanzi na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika maabara na vyuo vikuu pale toleo la 3.0 lilipotoka Desemba 2008. Waasisi wake walichukua uamuzi ambao watunzaji wa lugha za programu huuepuka: kurekebisha makosa ya zamani hata kama programu zilizopo zitaacha kufanya kazi. Toleo la 2.7, lililotoka mwaka 2010, lilipangiwa kutunzwa hadi 2015. Ilipofika 2014 ilionekana wazi kwamba watu hawajahama, na muda ukasogezwa hadi mwanzo wa mwaka 2020.

Mojawapo ya miradi iliyolazimika kuhama ni Biopython, mkusanyo wa zana huria za kusoma na kuchambua mifuatano ya DNA, RNA na protini. Ulianza mwaka 1999 na unatunzwa na wajitoleaji. Mtafiti anayetaka kufungua faili la vinasaba vya kimelea cha malaria, kuhesabu herufi zake au kulibadili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, anaweza kufanya hivyo kwa mistari michache tu akiwa na Biopython. Uzito wa kuihamisha ulitokana na jambo hilohilo: chini yake kuna programu nyingine inazozitegemea, na juu yake kuna maelfu ya mistari iliyoandikwa na watafiti ambao wajitoleaji hao hawatawajua kamwe. NumPy, programu ya mahesabu ambayo baadhi ya sehemu za Biopython huiegemea, ilianza kukubali Python 3 mwaka 2010. Toleo la kwanza la Biopython lililoikubali rasmi, 1.62, lilitoka mwaka 2013.

Mwanzoni wajitoleaji waliandika kwa Python 2, kisha zana iitwayo 2to3 ikatafsiri kila kitu wakati wa kusakinisha. Njia hiyo ilikuwa nyepesi kwa mwandishi lakini nzito kwa mtafuta kosa, kwa kuwa mistari iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kompyuta haikuwa ile iliyoandikwa na binadamu. Kuanzia toleo la 1.63, mwishoni mwa mwaka huohuo, waliiacha. Walichagua kuandika maandishi yaleyale yanayosomeka na lugha zote mbili, huku tofauti zisizoepukika zikifungiwa katika sehemu moja iliyopewa jina la _py3k. Hali hiyo ya nyumba yenye milango miwili ilidumu miaka sita.

Mabadiliko mengine yalipiga kelele. Amri ya print, kwa mfano, ilidai mabano. Asiyeyaweka aliambiwa kosa lake kabla programu haijaanza kazi. Hayo ni kama homa kali: mgonjwa mwenyewe huja hospitalini. Ya kuogopwa yalikuwa yale yaliyokaa kimya, na hakuna lililokaa kimya kuliko kugawanya. Katika Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, sehemu ya desimali hutupwa. Mfuatano wenye herufi 200, ambapo 86 ni G au C, ungepewa uwiano wa 0 badala ya 0.43. Wazoefu walikwepa mtego huo kwa kuandika 100.0 mahali pa 100, wageni walitumbukia. Mtoto wa kilo 9 anayestahili miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, angekokotolewa mililita 5 kamili, ilhali hesabu sahihi ni 5.625.

Kwa hesabu kama hizo Python 3 iliponya. Lakini palikuwa na waliouzoea ugonjwa hata wakaufanya nguzo. Stoo yenye vidonge 50, kila mgonjwa akihitaji 15, inatosha wagonjwa 3. Mwandishi aliyeegemea tabia ya Python 2 alipata 3 bila jasho, na baada ya kuhama akapata 3.33 na kitu. Kukadiria nako kulibadilika: 2.5 iliyokuwa ikipandishwa hadi 3 sasa hushushwa hadi 2, kwa kanuni ya kuelekea namba shufwa iliyo karibu. Hakuna zana ya kutafsiri inayoweza kujua mwandishi alikusudia nini.

Maandishi pia yalitenganishwa na baiti. Python 2 iliruhusu vichanganyike, na mchanganyiko huo ulivumilika mradi herufi zilikuwa za Kiingereza. Jina la Kisukuma linaloanza na Ng’w, likiandikwa kwa king’ong’o kilichopinda cha simu badala ya kile kilichonyooka, lilitosha kukwamisha programu katikati ya kazi, kwa kuwa alama hiyo moja huchukua baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Kwa Biopython, ambayo husoma mafaili ya maandishi pamoja na mafaili ya baiti yanayotoka kwenye mashine za kusoma DNA, kila mlango wa kuingizia data ulipaswa kuulizwa upya: kinachopita hapa ni kipi?

Silaha ya wajitoleaji ilikuwa majaribio: programu ndogondogo zinazoendesha kila sehemu kwa data ya mfano na kulinganisha jibu na lile linalojulikana kuwa sahihi. Mtaalamu wa maabara haoni jambo geni hapa. Mashine mpya ya kupimia damu inapofika, sampuli zilezile hupitishwa katika mpya na ya zamani, na ya zamani haiondolewi hadi tofauti zieleweke. Ajabu ni kwamba mtaalamu huyohuyo hukubali programu ibadilishwe kwa kubonyeza mara moja, bila sampuli hata moja ya kulinganisha.

Biopython 1.76, iliyotoka Desemba 2019, ilikuwa ya mwisho kuikubali Python 2.7. Siku chache baadaye utunzaji wa Python 2 ulikoma, na toleo lake la kufungia, 2.7.18, likatoka Aprili 2020. Mwezi uliofuata Biopython 1.77 ilitoka ikiwa ya Python 3 peke yake, na mistari ya kutumikia lugha mbili ikaanza kufutwa. Zilizobaki nyuma ni programu zisizo na wajitoleaji: faili la mistari 40 lililoandikwa na mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu, ndani ya kompyuta iliyounganishwa na mashine ya maabara, ambalo kila Ijumaa bado linatoa jedwali la wagonjwa. Kabla ya kuligusa, mrithi wake anahitaji nakala ya data ya wiki moja, jibu la Python 2 na jibu la Python 3 vikiwa bega kwa bega, na mtu anayejua ni mgonjwa gani ambaye kipimo chake hakikuandikwa.