Uteuzi na Uwekaji wa Maikrofoni katika Kurekodi Ngoma

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani hufunzwa kuandaa hojaji, kuteua sampuli na kunukuu matini. Ni nadra kufunzwa mahali pa kuweka maikrofoni. Athari ya upungufu huu hujitokeza baadaye, anapoketi kunakili nyimbo alizorekodi: ngoma imeyafunika maneno, beti nzima hazisikiki, na pengine manju aliyeziimba amekwisha kuaga dunia. Makala haya yananuia kueleza jinsi maikrofoni zinavyoteuliwa na kuwekwa katika kurekodi ngoma. Mfano mkuu ni dramu, yaani seti ya ngoma na matoazi inayopigwa na mtu mmoja, kwa kuwa takriban matatizo yote ya kurekodi ngoma hukutana hapo.

Kwanza, suala la istilahi. Wazungumzaji wengi hukiita kifaa hiki kipaza sauti, jina ambalo pia hupewa spika. Mkanganyiko huu si mdogo. Maikrofoni haipazi chochote. Kazi yake ni kupokea mitetemo ya hewa na kuigeuza kuwa umeme. Kinachopaza ni amplifaya na spika. Anayedhani kwamba maikrofoni hupaza sauti huiweka popote, akitumaini kwamba itajitafutia kinachotakiwa.

Aina mbili ndizo zitumikazo zaidi. Katika maikrofoni ya koili, utando mwembamba huunganishwa na koili ya waya iliyo ndani ya uga wa sumaku; sauti inapousukuma utando, koili husogea na umeme hutokea. Aina hii ni sugu na huhimili kishindo. Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1965, ni ya koili, na hadi leo huwekwa mara nyingi kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake. Aina ya pili ni ya kondensa. Utando wake ni mwepesi zaidi, hivyo hunasa vyema mlio mkali wa matoazi na ncha ya kila pigo. Hata hivyo, huhitaji umeme, aghalabu wa volti 48 unaopitia waya uleule wa sauti, na nyingi hazipendi vumbi na unyevu.

Ngoma ya besi hupewa maikrofoni ya koili yenye utando mkubwa, iingizwayo katika tundu la ngozi ya mbele. Ikisogezwa karibu na kigongo hunasa mgoto. Ikirudishwa nyuma hunasa mvumo. Snea huwekewa maikrofoni sentimita chache juu ya ukingo, ikielekezwa katikati ya ngozi. Aghalabu maikrofoni hii husikia kwa umbo la moyo: mbele ni sikivu, nyuma ni kama kiziwi. Kwa hiyo mgongo wake huelekezwa kwenye matoazi pacha yanayochezwa kwa mguu, ili kelele zake zisiivamie snea.

Tatizo gumu zaidi huanza pale maikrofoni zinapozidi moja. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa inapokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Pigo moja la snea likifika kwenye maikrofoni ya pili baada ya kusafiri sentimita 34 zaidi, litakuwa limechelewa kwa takriban elfu moja ya sekunde. Sauti mbili hizo zikichanganywa, mitetemo ya mara 500 kwa sekunde hukutana moja ikipanda na nyingine ikishuka, nazo hufutana. Mitetemo ya mara 1,500 hupatwa na hali iyo hiyo. Ngoma iliyokuwa na kifua hugeuka kuwa debe. Kinachoshangaza ni kwamba kila maikrofoni ikisikilizwa peke yake haina kasoro.

Mhandisi Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin jijini London mwaka wa 1968, anahusishwa na mbinu inayolikabili tatizo hili kwa maikrofoni chache. Moja huwekwa juu ya snea kwa takriban mita moja. Nyingine huwekwa ubavuni, upande wa ngoma kubwa isimamayo sakafuni, ikitazama snea. Kamba au utepe hutumiwa kuhakikisha kwamba zote mbili ziko umbali sawa kutoka katikati ya snea. Ya tatu huachiwa ngoma ya besi. Uzi wa shilingi chache hutatua tatizo ambalo mashine ya bei hulitatua kwa shida.

Mtafiti wa nyanjani aghalabu hana tatu, ana moja. Naye ana neno la kuliokoa, si ngoma tu. Hapa umbali ndio silaha. Mahali pa wazi, kila umbali unapopunguzwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6. Maikrofoni ikitolewa sentimita 80 kutoka kinywani mwa mwimbaji na kuletwa sentimita 20, sauti yake hupanda kwa desibeli 12, ilhali msondo ulio mita tatu nyuma ya maikrofoni haubadiliki sana. Hugh Tracey, aliyerekodi nchini Kenya mwaka wa 1950, alikuwa akiishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa mwimbaji au kwa ala kadiri ilivyohitajika. Akiruhusiwa na wenyeji, mtafiti aweza pia kuomba vumi lisogezwe nyuma kidogo. Wachezaji wengi hawakatai wakielezwa sababu.

Kabla ya kuanza, mpiga ngoma aombwe kupiga kwa nguvu zake zote, kisha kiwango cha kurekodi kiwekwe desibeli 10 au 12 chini ya kikomo. Ngoma ya majaribio huwa pole kuliko ngoma yenyewe: hadhira ikishaanza kuitikia na vigelegele kupigwa, mkono wa mpigaji huongezeka uzito.