Ufunguo wa Kabati Anao Nani?

Nikifika shule ya kijijini iliyopewa kompyuta, huwa siombi kuziona kwanza. Nauliza ufunguo wa kabati anao nani. Jibu hilo hunieleza mengi kuliko hati ya makabidhiano. Mara nyingi ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko wilayani kwenye kikao. Shule moja niliyoitwa kutengeneza inveta nilikuta kompyuta mpakato 18 bado ziko kwenye mifuko yake ya nailoni, mwaka wa pili tangu zikabidhiwe kwa ngoma na hotuba. "Fundi, zikiibiwa nalipa mimi," mwalimu mkuu aliniambia. Sikuwa na la kumjibu, maana mshahara wa mwalimu naujua.

Kwa miaka 20 sasa tumekuwa tukihesabu mashine. Aliyeanzisha mbio hizi ni Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mwaka 2005 alitangaza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Novemba ya mwaka huohuo, kwenye mkutano wa kilele wa jamii ya habari mjini Tunis, aliionyesha dunia akiwa na Kofi Annan: kijimashine cha kijani chenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme, mfano wa cherehani ya mkono. Mkono ule ulichomoka palepale jukwaani. Mashine zilizotoka kiwandani mwaka 2007 hazikuwa na mkono tena, na bei ilikaribia dola 190.

Wengi hucheka kisa hicho. Mimi sicheki, kwa sababu waliobuni mashine ile, iliyopewa jina la XO, walianzia kwenye mazingira ya shule ndipo wakaja kwenye kompyuta. Kioo chake kilisomeka juani chini ya mwembe. Haikuwa na feni, kwa hiyo haikuvuta vumbi jekundu tumboni kama zifanyavyo kompyuta za ofisini. Kibodi ilikuwa ya mpira, maji yasipenye. Antena zake mbili zilisimama kama masikio ya sungura, na kila mashine iliweza kupokea mawimbi ya jirani na kuyapitisha kwa mwingine, hata mtandao ukafika kwa mtoto aliyekaa mbali na ruta. Zaidi ya yote, ilikula wati chache mno, wakati kompyuta mpakato ya kawaida hula wati 30 hadi 60.

Hapo kwenye wati ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo miradi mingi inapofia.

Chukua darasa la watoto 45, kila mmoja na kompyuta mpakato yake yenye betri ya wati-saa 45. Kuzijaza zote mara moja kunataka wati-saa 2,025, yaani yuniti 2 na ushee. Shule yenye umeme wa Luku haishtuki, hizo ni fedha ndogo. Shule ya sola ndiyo inayopata taabu. Paneli ya wati 300 ikipata jua zuri la saa 5 hutoa wati-saa 1,500 kwenye makaratasi. Toa vumbi, joto la bati, urefu wa waya na kile kinacholiwa na inveta, utabaki na kama 1,100. Kwa hiyo unahitaji paneli 2, na siku ya mawingu hata hizo 2 hazitoshi. Betri nayo ina hila yake. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 inaonekana imebeba wati-saa 2,400, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema. Basi hesabu 1,200, na ununue 2.

Kisha watoto wote 45 wanachomeka chaja kwa pamoja. Chaja ya wati 60 mara 45 ni wati 2,700. Inveta ya wati 1,000 iliyoletwa na mfadhili inapiga kelele na kuzima, mwalimu anadhani imeungua, kabati linafungwa. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza inveta ambayo haikuwa na ubaya wowote. Ilihitaji ratiba tu: chaja 15 kwa zamu.

Vishikwambi vimepunguza taabu hii. Chaja yake ni ya wati 10 hivi, kwa hiyo darasa zima halifiki wati 500. Kenya iliahidi mwaka 2013 kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta mpakato, zabuni ikafutwa, na mradi ulipoanza kusambaza vifaa mwaka 2016 watoto walipata vishikwambi. Vilivyogawiwa vilipita milioni 1. Wakenya wana maneno mengi kuhusu vifaa hivyo, mengine makali, na vingi vilikutwa na maradhi yaleyale ya kabati. Ila kuna faida moja isiyosemwa sana: kwa kuwa vifaa vilikuwa vinakuja, nguzo za umeme zilikimbizwa hadi shule za msingi zilizosubiri kwa miaka mingi. Kishikwambi kitazeeka kabla ya mtoto kumaliza shule, lakini umeme umebaki.

Tuseme umeme upo na kabati liko wazi. Je, mtoto anajifunza? Zipo safari mbili za miezi 15 ambazo napenda kuziweka ubavu kwa ubavu.

Ya kwanza ni ya Peru, nchi iliyogawa mashine za XO kwa mamia ya maelfu. Watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika walizifuatilia shule 319 za vijijini na kutoa matokeo mwaka 2012. Shule zilizoingia kwenye mradi zilitoka kwenye kompyuta 12 kwa kila wanafunzi 100 hadi kompyuta 118. Baada ya miezi 15 hawakuona tofauti yoyote katika hesabu wala lugha kati ya watoto waliopata na wasiopata. Majaribio ya fikra ya jumla yalionyesha faida kidogo. Intaneti karibu haikuwepo shuleni, na walimu walifundishwa juujuu.

Ya pili ni ya hapahapa nyumbani, mkoani Tanga. Shindano la kimataifa la XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 kutoka kwa Elon Musk, lilitaka programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji takribani 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, huku UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakishirikiana na Serikali ya Tanzania. Vijijini zilijengwa stesheni za sola za kuchajia. Kabla ya jaribio, robo tatu ya watoto hao walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion.

Sina haja ya kulipamba jaribio la Tanga. Mtoto ambaye hajaona darasa la kwanza ana nafasi kubwa ya kupanda kwa chochote utakachompa, na wale walioshindwa hata baada ya miezi 15 walikuwa wengi. Hata hivyo tofauti na Peru inafundisha. XO ilimfungulia mtoto duka zima: kuchora, kuandika, kupiga picha, kutunga muziki, kisha ikamwambia achague. Kishikwambi cha Tanga kilikuwa na kazi moja. Kilimsemesha mtoto kwa Kiswahili, lugha ambayo alikuwa ameshaisikia, kikaanza na "a" na "ba", na akikosea kilimrudisha pale alipokosea pasipo kumcheka. Kilikaa mikononi mwake hata nyumbani. Na stesheni ya sola ilikuwa na mwangalizi wake kijijini anayejulikana kwa jina.

Suala la lugha lisipitwe haraka. Rwanda ilianza kugawa XO mwaka 2008, wakati uleule ilipokuwa inahamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mwalimu wa kijijini alijikuta ana mashine ngeni na lugha ngeni siku moja, mbele ya watoto wanaozungumza Kinyarwanda. Nchi ile ilifikisha mashine zaidi ya 200,000, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyolifanya kwa XO, kisha ikageukia vyumba vya kompyuta vya kushirikiana. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara.

Sasa kuhusu kuwaunganisha watoto na dunia. Mtu wa mjini akisikia maneno hayo huona picha ya video: darasa la Handeni linapungiana mikono na darasa la London. Video ya saa moja yaweza kumaliza bando la GB 1. Barua ya ukurasa mmoja, ikitumwa kama maandishi matupu, haizidi kilobaiti 5. Gawanya mwenyewe: bando lilelile linabeba barua 200,000.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, tuliachana na kutegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu, ambako swali na jibu huchukua nusu sekunde angani. Mkongo wa Taifa umeenda hadi wilayani, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006, huchangia minara mahali ambapo kampuni za simu haziioni faida. Kipande kigumu ni kile cha kutoka mnarani hadi darasani. Satelaiti za karibu, zilizo kilomita 550 hivi, zinakiruka kipande hicho. Starlink, mojawapo ya huduma za satelaiti hizo, ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023. Lakini rudi kwenye hesabu yetu ya betri. Dishi lake likila wati 75 kwa saa 8, umetumia wati-saa 600, nusu ya betri moja kati ya zile 2, kabla mtoto hajawasha chochote. Na bili inakuja kila mwezi, hata mwezi wa likizo.

Ndiyo maana ninapoulizwa naanza na seva ndogo ya ndani. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, kinakula wati 5 hivi, kinarusha mtandao wa darasani usio na bando. Kwa programu za Kiwix na Kolibri, zote za bure, unaweka humo masomo, vitabu na Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kusini baharini, ofisi za Dar es Salaam zilikaa zikitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Shule yenye seva ya ndani isingejua kuna kilichotokea.

Barua nazo zinaweza kusubiri. Mwaka 2003 hivi, katika mkoa wa Ratanakiri huko Cambodia, pikipiki zilifungwa kifaa cha kunasa mawimbi zikawa zinapita kwenye shule za vijijini zenye paneli za sola. Pikipiki ikipita, inachukua barua pepe za watoto hewani na kuacha zilizowafikia, kisha jioni inazipeleka mjini kwenye satelaiti. Sisi tuna bodaboda wangapi wanaopita mbele ya shule kila siku?

Na kwa nini barua ya kwanza iende London? Mtoto wa Korogwe akimwandikia mwenzake wa Bukavu, wote wanaandika Kiswahili, na bado watabishana kuhusu maneno. Ni ubishi mzuri kuliko kunakili salamu za Kiingereza kutoka ubaoni.

Narudi kwa mwalimu mkuu na ufunguo wake. Kamati ya shule inaweza kumwondolea hofu kwa kikao kimoja tu: iandikwe kwenye muhtasari kwamba kifaa kinachoharibika darasani ni uchakavu, hakuna atakayekatwa mshahara, na kwamba ufunguo wa pili unakaa kwa mwalimu wa zamu. Shule ile ya kompyuta 18 ilifanya hivyo. Nilipopita tena, 3 zilikuwa zimevunjika vioo, na 15 zilikuwa mezani.

Nanyi mlioko Muscat, Minnesota au Masaki, mnaochanga kupeleka kompyuta shule mliyosoma: kabla ya kulipia kontena, mpigieni simu mwalimu mkuu mumuulize umeme anapata wapi na kwa saa ngapi. Kisha tengeni kando fedha za betri za mwaka wa 3. Betri za asidi mtakazonunua leo hazitavuka sana hapo.