Ukuta Baridi Unaowaka Nyekundu

Chukua sufuria kuukuu ya jikoni Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, ile ambayo ubavu mmoja umevaa masizi ya kuni na wa pili umesuguliwa kwa majivu hadi ukang'aa. Itie maji ya moto, lakini yasifike kuchemka. Ielekezee kihisi cha infraredi kilichounganishwa na kibao cha taa 64 za rangi. Upande wa masizi utawaka nyekundu. Upande unaong'aa utabaki buluu, ingawa maji ni yale yale na pande zote mbili zinaunguza kidole sawasawa.

Mtu atadhani waya umelegea. Haujalegea. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walifundishwa miaka mingi kwamba uso mweusi hutoa mnururisho mwingi wa joto kuliko uso unaong'aa. Jambo hilo liliandikwa daftarini, likakaririwa, likasahaulika. Hapa linaonekana kwa macho.

Miale yenyewe ya infraredi iligunduliwa mwaka 1800, pale William Herschel alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu iliyotawanywa na mche wa kioo, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na joto likapanda. Leo kihisi cha AMG8833 kutoka Panasonic hupima joto katika vidoti 64, nane kwa nane, hadi mara 10 kwa sekunde, kati ya nyuzi 0 na 80. Kibao cha taa aina ya WS2812B nacho huuzwa kikiwa na taa nane kwa nane. Kila kidoti kinapata taa yake. Katikati hukaa maikrokontrola, labda Arduino, ukoo wa vibao ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005.

Kuunganisha si kazi kubwa: waya nne kwa kihisi, tatu kwa taa. Taabu huanzia kwingine. Baadhi ya vibao vimepangwa kama wachuma chai wanavyotembea shambani, wakimaliza mstari mmoja wanarudi na ule unaofuata, kwa hiyo programu isiyojua hilo huikatakata picha. Tena taa hizi hupokea kijani kabla ya nyekundu. Umeme nao una hesabu yake: kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula takriban miliampia 60, hivyo 64 zinafika karibu ampia 4, mzigo ambao chaja ndogo ya simu haiuwezi. Dawa ni kupunguza mwangaza, na macho yatashukuru.

Lakini suala zito ni rangi. Kihisi hakijui nyekundu ni nini. Kinatoa namba tu. Anayeandika programu ndiye anayeamua kwamba nyuzi 20 ni buluu na 34 ni nyekundu. Wengi hukwepa uamuzi huo kwa kuiambia programu itafute kidoti baridi zaidi na chenye joto zaidi katika kila picha, kisha itandaze rangi zote kati yao. Picha inapendeza, ila haiaminiki. Elekeza kifaa hicho kwenye ukuta mtupu wa udongo saa mbili usiku: tofauti ya nyuzi moja kati ya pembe na pembe itatosha kuuwasha ukuta kama tanuri. Akipita mtu mbele yake, ukuta unageuka buluu ghafla, na haujapoa hata kidogo. Mipaka isiyobadilika haina urembo huo, lakini nyekundu ya leo inabaki nyekundu ya kesho.

Katika kaunti jirani ya Narok, teknolojia ya ukoo huu imefanya kazi nzito. Mwaka 2016 shirika la WWF lilitangaza kwamba kamera za joto za kampuni ya FLIR zilizopelekwa Maasai Mara zimesaidia kukamata majangili zaidi ya 20 waliojificha gizani. Vidoti 64 haviwezi hilo. Kihisi hiki huona pembe ya nyuzi 60, kwa hiyo mita tatu mbele yake kila kidoti kinafunika karibu nusu mita. Mtu anakuwa madoa machache. Kuku anamezwa na baridi ya ua.

Wala hakifai kupimia homa kwa namna ya bunduki za joto zilizowekwa malangoni mwa shule zilipofunguliwa tena Oktoba 2020 wakati wa Uviko-19. Kosa lake linaweza kufika nyuzi 2.5 juu au chini, pengo linalotosha kumficha mgonjwa au kumrudisha nyumbani mtoto mzima.

Kazi inayokifaa zaidi huku ni ya kulinganisha, si ya kupima. Majani mabichi ya chai, yale yanayopelekwa viwanda kama Kiamokama na Kebirigo, yakishindiliwa kwenye gunia huendelea kupumua, hupata moto na kubadilika rangi kabla ya lori kufika. Magunia ya aina moja yaliyopangwa kivulini yana uso unaofanana, kwa hiyo hila ya sufuria haiyahusu. Kifaa kitaona ngozi ya gunia tu. Joto la ndani linahitaji kipimajoto cha kuchomeka. Taa nyekundu itamwonyesha karani gunia la kuchomeka kwanza.