Lainibeka Wanne wa New Orleans

Chilangala, Newala mjini au Masasi, neno mpira likitajwa watu wanafikiria Simba na Yanga, na kijana yeyote anayeshinda kwenye kibanda umiza anajua kazi ya kiungo mkabaji. Ndiye anayesimama mbele ya mabeki, anayenusa hatari kabla haijafika, anayefunika pengo aliloliacha mwenzake. Naomba msomaji aanze na huyo, maana katika mpira wa Kimarekani yuko mchezaji wa kazi inayokaribiana na yake. Anaitwa lainibeka.

Kila upande una watu 11 uwanjani. Wanaoshambulia wanapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10, kama mita 9 hivi. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwenye ulinzi, mbele kabisa wanapangwa majitu wanaosukumana na majitu wenzao, na nyuma kabisa wanakaa wepesi wanaowalinda wapokeaji wa pasi ndefu. Katikati ya makundi hayo ndipo wanaposimama lainibeka, watatu au wanne kutegemea mfumo wa kocha. Mpira ukianza, lainibeka ana muda mfupi sana wa kuamua. Je, ni mkimbiaji anayekuja na mpira, amkabili? Ni pasi, arudi nyuma? Au apenye amwangushe kwotabeki, yaani mpiga pasi, kabla hajauachia mpira? Akikosea, pengo linafunguka na watu 10 waliobaki hawawezi kuliziba.

Afrika Mashariki inao mtu wake katika kazi hii. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, na babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, yule aliyekamatwa mahakamani Kampala na watu wa Idi Amin Septemba 1972 kisha akauawa. New York Giants walimchagua mjukuu huyo katika raundi ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya mwaka 2006 akiwa mtu wa mstari wa mbele, na mwaka uliofuata wakamrudisha nyuma awe lainibeka. Kazi ilikuwa mpya kwake kabisa: mtu aliyezoea kwenda mbele tu sasa alitakiwa kusoma mchezo mzima. Novemba 2007 akavunjika mguu, akaikosa fainali ambayo wenzake walishinda. Msimu wa 2011 alicheza tena kama lainibeka, na Februari 2012 Giants wakaifunga New England Patriots 21-17 katika Super Bowl, fainali ya ligi. Kwetu ilikuwa yapata saa nane na nusu usiku mechi hiyo ilipoanza, watu wamelala.

Kundi la lainibeka alimocheza Kiwanuka silihesabu miongoni mwa makubwa ya historia. Nimelitaja kwa sababu safari ya Kiwanuka inaonyesha ugumu wa nafasi yenyewe, na bila kuuona ugumu huo huwezi kuyapima makundi ya lainibeka na kusema lipi lilikuwa bora kuliko yote.

Kigezo changu ni kimoja. Natafuta kundi ambalo mpinzani hakupata upande wa kulikimbilia. Nyota mmoja akizungukwa na watu wa kawaida, kocha wa upande wa pili anaupeleka mchezo mbali naye. Kombe nalitazama baadaye, kwa kuwa kombe linatwaliwa na kikosi kizima, pamoja na kwotabeki ambaye lainibeka hana mamlaka naye.

Kwa kigezo hicho Baltimore Ravens wa mwaka 2000 wanashuka. Waliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, rekodi ya msimu wa urefu huo, na lainibeka wao Ray Lewis alikuwa mkubwa kweli. Lakini alikuwa mkubwa mno kuliko wenzake. Pittsburgh Steelers ya miaka ya 1970 inanisumbua zaidi. Jack Ham, Jack Lambert na Andy Russell waliwahi kumaliza mechi tisa za mwisho za msimu wa 1976 wakiwa wameruhusu pointi 28 kwa jumla, mechi tano kati ya hizo bila pointi hata moja. Hata hivyo mbele yao alikuwepo Joe Greene na wenzake, waliokuwa wamekwishaharibu kila kitu kabla mpira haujawafikia lainibeka. Nawapa nafasi ya nne.

Ya tatu nawapa Kansas City Chiefs waliotwaa Super Bowl Januari 1970: Bobby Bell, Willie Lanier na Jim Lynch. Katika mechi tatu za mtoano waliruhusu pointi 20 kwa jumla. Nje ya takwimu, Lanier alivunja ukuta mwingine. Lainibeka wa kati ndiye anayewapanga wenzake na kutoa amri, na makocha wa wakati ule hawakuwa wakimkabidhi mtu mweusi nafasi hiyo, kwa dharau ya kudhani akili yake haiiwezi. Lanier na Lynch, ambaye ni mzungu, walisajiliwa mwaka mmoja, 1967, wakaigombea nafasi ileile. Lanier akaipata, Lynch akahamia pembeni, na ulinzi ukawa imara kuliko ungekuwa kwa mpangilio mwingine wowote.

Giants wa 1986 ni wa pili, na sioni haya kumwambia shabiki wao kwamba tofauti ni ndogo. Lawrence Taylor aliwaangusha makwotabeki mara 20 na nusu msimu ule (nusu huja pale wachezaji wawili wanapogawana tukio moja), akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, tuzo ambayo mlinzi hupewa kwa nadra sana. Pembeni yake walikuwepo Harry Carson, Carl Banks na Gary Reasons. Kabla ya fainali waliwafunga San Francisco 49-3 na Washington 17-0.

Kwa nini basi New Orleans Saints mbele yao? Kwa sababu ya Rickey Jackson, Sam Mills, Vaughan Johnson na Pat Swilling, wote wanne. Timu hiyo iliyoanza mwaka 1967 haikuwahi kumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, mpaka mwaka 1987, baada ya wanne hawa kukutana. Mills alikuwa na urefu wa sentimita 175 hivi. Timu mbili zilimkataa, akaenda kufundisha upigaji picha katika shule ya sekondari New Jersey kabla ya kocha Jim Mora kumwamini. Huyo ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake katikati. Swilling akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 1991. Mwaka 1992 Saints waliruhusu pointi 202, chache kuliko timu yoyote, na wote wanne wakaitwa kwenye Pro Bowl, mechi ya nyota. Hakuna kundi jingine lililopata heshima hiyo.

Wanaowapinga husema hawakushinda hata mechi moja ya mtoano, na ni kweli. Januari 1993 waliongoza 20-7 dhidi ya Philadelphia nyumbani, wakapoteza 36-20. Lakini tazama pointi zenyewe: 9 kati ya hizo 36 zilitokana na makosa ya kwotabeki wao, Bobby Hebert, lainibeka wakiwa wamekaa benchi wakisubiri zamu yao. Miezi michache baadaye Swilling alihamishiwa Detroit na kundi likavunjika. Jackson aliingizwa Jumba la Umaarufu la mchezo huo, Canton, mwaka 2010. Mills akaingizwa 2022, miaka 17 baada ya kufariki. Swilling na Johnson wanastahili kuwafuata.