Pikapu yajengwa upya ili ishinde mlima wa Mai Mahiu

Msomaji aliyepata kusafiri usiku kutoka Naivasha kwenda Nairobi kwa njia ya chini bila shaka ameziona. Ni pikapu zilizojaa kabichi, nyanya na vitunguu hata nyuma zimekaa chini kama kuku anayeatamia, zikipanda mlima wa Mai Mahiu saa tisa za usiku kwa moshi na kelele. Barabara hiyo ilichongwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kikanisa chao kidogo kingali pale kando ya njia. Abiria wa mabasi hupiga ishara ya msalaba wakikipita. Madereva wa pikapu hawana nafasi hiyo. Wao husikiliza injini.

Haraka yao ni ya Marigiti. Katika soko hilo la Wakulima jijini Nairobi, anayefika kabla ya mapambazuko huuza kwa bei anayoitaka mwenyewe, na anayefika jua limekwisha chomoza huuza kwa bei wanayoitaka wengine. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mmoja wa watu hao wa usiku. Anayo Land Cruiser pikapu aliyoinunua ikiwa imekwisha zunguka nchi hii mara nyingi, na ndani yake mna injini ambayo kila fundi nchini anaijua kwa jina: 1HZ.

Injini hiyo ya silinda sita ilianza kutoka kiwandani kwa Toyota mwaka 1990. Ujazo wake ni sentimita za mchemraba 4,164 na nguvu zake ni za farasi 130 hivi. Kwa gari kubwa namna ile, farasi hao si wengi. Lakini sifa ya 1HZ haikuwa mbio kamwe. Sifa yake ni uvumilivu. Hunywa dizeli chafu, hustahimili vumbi la Turkana na matope ya Kinangop, na fundi yeyote mwenye spana na akili timamu anaweza kuitengeneza chini ya mti. Ndiyo sababu polisi wameitumia, na waongoza watalii, na mashirika ya misaada.

Shida ni mlima. Injini ya dizeli, kama alivyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel na kuionyesha ikifanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inashindiliwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na joto kali, kisha dizeli inarushwa humo na kuwaka yenyewe. Katika 1HZ hewa hushindiliwa yapata mara 22. Basi chakula cha injini ni viwili, dizeli na hewa, na hewa ndiyo inayopungua kadiri tunavyopanda juu. Pale karibu na Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kila pumzi inayovutwa na injini ina hewa kama nne kwa tano tu ya ile ambayo ingeivuta Mombasa. Gari lile lile, dereva yule yule, mzigo ule ule, lakini sehemu moja ya tano ya nguvu imebaki pwani.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1905 Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni, na feni hiyo kusukuma hewa zaidi ndani. Mafundi wetu huita kifaa hicho tabo. Kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mtu akikiona juu ya meza, kidogo kama konokono mkubwa, hawezi kuamini.

Shemeji aliamini upesi. Alikwenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, akanunua tabo ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine. Gereji moja ambayo jina lake nalihifadhi ikaifunga kwa siku moja. Hawakufungua injini kuitazama. Walichofanya ni kuzungusha skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, wakamwambia, "Mzee, sasa una ndege."

Kwa muda wa wiki tatu alikuwa na ndege kweli. Aliyapita malori ya mafuta, aliyapita mabasi, alifika Marigiti wachukuzi wakiwa bado wanapiga miayo. Dada yangu aliniambia kwamba alianza hata kuimba nyumbani. Usiku wa wiki ya nne, katikati ya mlima, akiwa na masanduku ya nyanya mpaka juu ya kebini, alisikia mlio kama wa mtu anayegonga karai kwa nyundo. Moshi mweupe ukafuata, kisha gari likanyamaza. Mpaka alipopata gari la kumvuta, jua lilikuwa limewaka, na nyanya ni kitu kisichomngoja mtu. Zile nyanya hazikuwa zake zote. Nusu alikuwa amepewa na majirani kwa kuaminiana.

Hapo ndipo nilipoingia katika habari hii, maana alinijia kuniomba niwe mdhamini wake wa mkopo katika chama cha akiba. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba mara hii nichague fundi mimi.

Fundi niliyemchagua ni mzee mwenye mvi ambaye gereji yake ni mabati manne na mti. Hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Asema wateja alio nao wanamtosha. Ni mtu wa jua kali tangu jina hilo lilipokuwa bado la dharau. Vijana wengi hawajui kwamba ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya ndiyo iliyowafanya wataalamu wa ng'ambo waanze kuwatazama watu hawa kama wafanyakazi wa maana na si wazururaji, na kwamba mabanda ya Kamukunji yalipata nguvu baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wale mwaka 1985. Mzee anayakumbuka hayo yote. Anakumbuka pia kila injini iliyomshinda, ambayo ni orodha fupi.

Aliifungua 1HZ ya shemeji mbele yetu, akapanga vipande juu ya gunia kwa utaratibu, kila kimoja mahali pake. Kisha akamwita shemeji kwa kidole. Hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu mbili. Pistoni ya tano ilikuwa imeyeyuka ukingoni kama mshumaa, na ringi zake zimeganda.

"Tazama, bwana," alisema. "Tabo haikuua injini hii. Aliyeiua ni yule aliyeongeza chakula bila kupima moto."

Akatueleza, nami nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa. Katika 1HZ dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Hurushwa kwanza katika kijichumba kidogo ndani ya hedi, huko ndiko moto unakoanzia, na joto jingi linabaki humo humo kwenye hedi. Toyota yenyewe ilipotaka injini ya tabo mwaka ule ule wa 1990 haikuchukua 1HZ na kuifunga tabo tu. Ilitengeneza ndugu yake, 1HD-T, yenye silinda za upana na urefu ule ule, lakini dizeli ikirushwa juu ya pistoni yenyewe, na hewa ikishindiliwa mara 18.6 tu. Hiyo ilipewa farasi zaidi ya 160 na ikayaweza. Kwa hiyo mtu anayefunga tabo kwenye 1HZ anafanya jambo ambalo linawezekana, ila mlango wa makosa ni mwembamba.

Shemeji aliuliza mbona Wamarekani wanaongeza nguvu za pikapu zao maradufu na hazifi. Mzee alicheka. Alijua habari zao. Dodge ilipotia Cummins ya lita 5.9 ndani ya pikapu mwaka 1989, ile ilikuwa injini yenye asili ya kazi za malori na mitambo, imefungwa tabo tangu kiwandani, na ikapewa farasi 160 tu. Ilikuwa na akiba kubwa ya chuma. "Yule ni fahali aliyefungwa kamba fupi," alisema. "Ukimfungulia, anakwenda. Wako ni punda mzuri sana."

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Hedi ya zamani ilitupwa, ikatafutwa nyingine, nayo ikapelekwa kupimwa nyufa na kusawazishwa uso kabla ya kuguswa. Silinda zilipimwa juu, katikati na chini, zikaonekana zimekula upande mmoja, basi zikachimbwa na kutiwa pistoni zilizozidi nusu milimita. Kranki ilisagwa robo milimita na kutiwa beringi za saizi hiyo. Hapo palikuwa na ugomvi, kwa sababu shemeji alileta beringi za bei rahisi zenye boksi zuri mno. Mzee alizipima uzito kiganjani, akakwaruza moja kwa ukucha, akairudisha. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008, lakini ukucha wa fundi bado una kazi.

Boliti za hedi alizikaza kwa ile spana ya kupimia nguvu, akianzia katikati na kwenda nje, hatua kwa hatua, huku redio imezimwa. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa bila mjadala. Ukikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni hukutana. Pampu na nozeli zilipelekwa kwa fundi mwingine ambaye kazi yake ni hiyo tu, zikapimwa juu ya mashine. Pampu ikatiwa kifaa kinachoongeza dizeli pale tu tabo inapokuwa imekwisha leta hewa. Kifaa hicho ndicho kilichokosekana mara ya kwanza, na ndiyo sababu pikapu ilikuwa ikitoa moshi mweusi kama tanuri. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Wa buluu ni oili. Shemeji alikuwa akijivunia ule mweusi.

Ndipo tabo ikarudishwa, ile ile ya mtumba, baada ya kufunguliwa na kutiwa beringi mpya. Bomba la kuirudishia oili lilikatwa na kupanuliwa lishuke wima. Ekzosi ikawa pana zaidi. Mbele ya rejeta ikawekwa intakula ya kupoza hewa kabla haijaingia ndani. Mwisho kabisa mzee alitoboa ekzosi karibu na injini, akapenyeza waya, akafunga saa ndogo kwenye dashibodi. Saa hiyo haionyeshi mwendo. Inaonyesha joto la moshi.

"Ikikaribia nyuzi 700, ondoa mguu," alisema. "Hata kama nyuma yako kuna simba."

Na tabo aliifungia pauni 7 kwa inchi ya mraba, basi. Hewa ya kawaida pale Mombasa ni karibu pauni 15, kwa hiyo saba si haba. Zinarudisha yote yaliyopotea mlimani na kuongeza kidogo. Shemeji alitaka 15. Alibembeleza, akanunua chai, akanitazama mimi nimsaidie. Nilitazama mti. Mimi ndiye mdhamini.

Kilomita 1,000 za kwanza alikatazwa kupakia mzigo kamili, na oili ikamwagwa baada ya hapo. Alikatazwa pia kuzima gari mara tu anapofika, maana oili iliyobaki ndani ya tabo yenye moto huungua na kuziba; lazima injini ingurume kwa dakika moja au mbili kwanza. Hilo la mwisho ndilo linalomtesa. Kule Marigiti kila dakika ina mteja.

Juma lililopita nilipanda naye. Tulitoka Naivasha saa nane na nusu usiku, masanduku yamefungwa kwa kamba, yeye kimya. Pale mlima unapoanza kukaza alishuka gia ya tatu, na sindano ya ile saa ikaanza kupanda: 500, 550, 600. Tulilipita lori moja la saruji. Pikapu nyingine nyeupe ikatupita sisi kwa kishindo, moshi mweusi ukatanda mbele ya taa zetu hata tusione barabara. Shemeji alikanyaga. Sindano ikagusa 650. Nilisikia anapumua kwa pua, kisha injini ikapunguza sauti. Alikuwa ameondoa mguu.

Tulifika Marigiti wa nne au wa tano, sikuhesabu vizuri. Aliacha injini ikinguruma, akaruka chini kwenda kutafuta wachukuzi, akanipigia kelele akiwa mbali kwamba nihesabu dakika mbili kwa saa yangu ndipo nizime.