Makao ya wazee yasiwe biashara ya maneno matamu

Kuna kauli ambayo hurudiwa kila mazungumzo yanapogusia utunzaji wa wazee, kwamba Mwafrika hampeleki mzazi wake katika makao ya wazee. Kauli hiyo hupendeza masikioni, lakini haielezi tena hali ilivyo. Makao ya aina hiyo yamekuwapo nchini kwa miaka mingi. Masista wa Little Sisters of the Poor huwatunza wazee jijini Nairobi, na Kanisa la PCEA lilianzisha makao yake Thogoto, Kikuyu. Swali linalotukabili sisi wa Kisumu na ukingo wa Ziwa Victoria si iwapo huduma hii itatufikia, bali itatufikia kwa sura gani.

Tukumbuke kwamba Wajaluo walikuwa na mpango wao. Katika dala, yaani boma, mzee alikuwa na duol, kibanda cha karibu na zizi alimokutana na wanaume wenzake kula na kuamua mambo. Bibi mkongwe alikuwa na siwindhe, nyumba walimolala wasichana wakifundishwa hadithi, mafumbo na adabu. Uzee ulikuwa cheo chenye kazi. Mzee alitunzwa kwa sababu alihitajika, wala hakungoja kuonewa huruma.

Mpango huo haukuvunjwa na utovu wa adabu wa vijana, kama baadhi yetu tunavyopenda kuhubiri. Ulidhoofishwa na shule na ajira za mbali, kisha ukapigwa na UKIMWI. Tangu ugonjwa huo ugunduliwe nchini mwaka 1984, Kisumu, Siaya na Homa Bay zimekuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Wazazi wengi waliondoka wakiwa vijana, na nyanya waliotarajia kutunzwa wakaanza kulea upya. Wengi wa mayatima hao sasa ni watu wazima, wako Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na hutuma pesa kwa simu. Pesa hufika kwa dakika moja, lakini pesa haimwogeshi mtu, wala haimgeuzi kitandani usiku.

Hapo ndipo anapoingia mfanyabiashara, nami simlaumu kwa kuona pengo. Hata hivyo, biashara hii ina kasoro ambayo haimo katika kuuza sukari: anayenunua siye atakayetumia. Mwana aliye Nairobi ndiye anayeonyeshwa picha za bustani na vyumba. Mama yake ndiye atakayelala humo. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, naomba tuyapime maneno. Mzee huyu aitweje? Akiitwa mgonjwa, ataamriwa. Akiitwa mteja, atabembelezwa hadi malipo yakatike. Akiitwa mgeni, atavumiliwa siku mbili, na siku ya tatu hana nguvu za kushika jembe. Mimi napendekeza aitwe mkazi, kwani mkazi ana mlango wake na ana kauli katika mambo ya nyumba.

Lugha ina uzito mwingine pia. Imeonekana mara nyingi kwamba mtu ajuaye lugha kadhaa, anapopatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, huanza kupoteza zile alizojifunza ukubwani na kurejea ile ya utotoni. Mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini aweza kubaki na Kidholuo peke yake. Mhudumu asiyekijua atadhani mzee anapayuka, kumbe anaomba pi, yaani maji. Basi muuzaji anapotusifia runinga na maji moto, na tumwulize: wakati wa zamu ya usiku, ni nani anayeelewa Kidholuo?

Aidha, mahitaji ya mkazi hayasimami mahali pamoja. Mtu huingia akitembea kwa mkongojo. Baada ya miaka michache anahitaji kulishwa na kuogeshwa. Je, mkataba unasemaje kuhusu bei wakati huo? Akizidiwa, nani atakaa naye hospitalini? Na siku ya mwisho je? Kesi ya S. M. Otieno, ambayo mwaka 1987 iliishia kwa yeye kuzikwa Nyalgunga, Siaya, ilitufunza jinsi suala la kaburi linavyoweza kuwagawanya watu. Makao yanayokwepa kulizungumza jambo hilo mapema yanauza nusu ya huduma.

Yote haya hutegemea uongozi. Msimamizi anayehesabu vitanda vilivyojaa tu ni karani wa ghala. Kiongozi wa kweli hula chakula kile kile wanachokula wakazi, huwaacha wawe na baraza lao, na huwaambia jamaa habari mbaya mapema. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawahakikishia wazee heshima, kutodhulumiwa, na matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na serikali pia.

Lakini wengi hawataweza kulipia makao hayo. Mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wenye umri wa miaka 70 na zaidi, uliweka Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi kumlipa mtunzaji. Ndiyo maana naona serikali za kaunti zingeanza na vituo vya mchana, duol na siwindhe za siku hizi, ambako wazee wangekula, kupimwa afya na kusimulia watoto hadithi, kisha jioni warudi kulala kwao.

Mwisho, nawageukia walimu na wanafunzi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu kufanya kazi huko. Vijana wetu wanaheshimika kwa kuwatunza wazee wa wengine, ilhali hapa kazi hiyo huachiwa msichana wa nyumbani asiye na mafunzo wala mshahara wa maana. Mwanafunzi akikwambia anataka kuwatunza wazee, mwalimu, usimcheke. Umri wa kustaafu ni miaka 60, na huenda mikono utakayoihitaji baada ya hapo ndiyo hiyo iliyoinuliwa darasani mwako leo.