Kihusishi Kinapopigwa Mnada

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, lakini katika ukumbi wa mnada wa picha za kale nguvu zake hupungua. Huko kizuri hakijiuzi. Huuzwa na maneno. Tena si maneno makubwa ya sifa, bali vijineno ambavyo wanafunzi wetu huviruka wanapochanganua sentensi.

Chukua mfano wa picha za milima zilizochorwa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji ya leo, katika karne ya 16 na ya 17. Ajabu ya kwanza ni kuwa eneo hilo ni tambarare. Hata kilele cha juu kabisa cha Ubelgiji nzima hakifiki mita 700. Pieter Bruegel aliivuka milima ya Alps katika miaka ya 1550, safari yake ya Italia, kisha akayapandikiza majabali yake katika mandhari ya nyumbani, mathalan ile picha ya wawindaji thelujini ya mwaka 1565 iliyoko Vienna. Baada yake alivuma Joos de Momper (1564-1635) wa Antwerp: ardhi ya kahawia mbele, kijani katikati, na vilele vya samawati vinavyofifia mbali.

Picha zipatazo 500 huhusishwa na Momper, na ni chache tu zenye sahihi yake. Sababu si uzembe. Uchoraji wa Antwerp ulikuwa kazi ya karakana. Bwana mmoja alichora milima, mwenzake, kama Jan Brueghel, akatia watu na wanyama, nao wanagenzi wakanakili kilichopendwa na wateja. Swali la "hii ni ya nani?" halikuwa na uzito mkubwa wakati huo. Leo swali hilo ndilo bei yenyewe.

Hapa ndipo isimu inapobisha hodi. Tukisema kwa Kiswahili "picha ya Momper", a-unganifu imebeba maana tatu: picha aliyoichora, picha anayoimiliki, au picha inayomwonyesha yeye. Mnada hauwezi kuvumilia utata huo, na kwa hivyo umejijengea ngazi. Katalogi ikitaja jina kamili bila nyongeza, wauzaji wanasadiki kuwa mkono ni wake. Ikisema "inahusishwa na", yamkini ni yake, yote au sehemu. "Ya karakana yake" ni kazi ya wasaidizi, pengine chini ya jicho lake. "Ya mduara wake" ni ya mtu wa zama zake aliyeathiriwa naye. "Ya mfuasi wake" ni ya mwigaji, wala si lazima awe alikuwa mwanafunzi wake. "Kwa mtindo wake" ni ya miaka ya baadaye, na "kutokana na Momper" ni nakala tu. Kila kipago tunachoshuka, bei nayo kwa kawaida hushuka. Hata sahihi ina sarufi yake: picha "iliyotiwa sahihi" si sawa na picha "yenye sahihi", kwani hiyo ya pili huenda ilitiwa jina na mkono mwingine.

Je, sayansi haiwezi kukata shauri? Pete za mti katika ubao wa mwaloni huweza kuonyesha mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia. Haziwezi kutaja aliyeishika brashi. Mwishowe tunarudi kwenye maoni ya wajuzi.

Wapo watakaosema kuwa huu ni ulaghai wa matajiri, kwa kuwa mlima ni ule ule na rangi ni ile ile. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Naam, ni aibu kwamba maelezo ya istilahi hizi aghalabu huchapwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa katalogi, mahali ambapo mnunuzi mgeni hafiki. Lakini ngazi yenyewe ni ya kutamaniwa. Ni lugha inayomlazimu msemaji atangaze kiasi cha ujuzi wake, na kubeba dhamana ya kiasi hicho tu.

Kiswahili hakikosi zana hizo. Tuna bila shaka, yaelekea, yamkini, huenda, inadaiwa. Hata hivyo, katika insha nyingi za shule na vyuo, zote zimemezwa na neno moja, "inasemekana", lisilo na msemaji wala dhamana. Mwalimu, mwanafunzi wako akiliandika, muulize: inasemwa na nani, naye amejuaje? Asiyeweza kujibu ametuuzia mlima bila kutuambia ni wa mkono wa nani.